Nimeagwa, Nimewekewa Mikono, na Bado Nipo Tukuyu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni muuguzi mkunga, nina miaka 29, Mmoravian wa kuzaliwa hapa Rungwe. Naomba usitaje jina langu. Nchi ninayotakiwa kwenda sitaitaja, kwa ajili ya usalama wa wenzangu walioko kule. Niseme tu ni Sahel, ule ukanda wa kusini mwa jangwa la Sahara, watu wanazungumza Kifaransa, na Wakristo ni wa kuhesabu. Nimeitwa nikafanye kazi miaka mitatu kwenye kliniki ya mama na mtoto.

Niliacha kazi ya serikali. Watu walinishauri niombe likizo bila malipo, sikusikia. Nilitaka nisiwe na pa kurudi, na nilisema hivyo kwa kinywa changu mbele ya ushirika mzima. Jumapili ya mwisho ya Februari mwaka jana nikaagwa. Wachungaji watatu waliniwekea mikono, kwaya ya vijana ikaimba wimbo wenye jina langu, kina mama wakanivisha vitenge sita kimoja juu ya kingine mpaka nikashindwa kuinua mikono. Kulikuwa na mikungu ya ndizi, mbuzi, bahasha. Mwisho kabisa wa foleni akaja bibi jirani yetu, mjane anayeishi kwa kuchuma chai kwenye mashamba ya watu. Akafungua pindo la khanga akatoa noti mbili za elfu moja zilizokunjwa mpaka zikawa kama punje za mahindi, akaniambia niwasalimie watoto wa huko.

Nilikuwa niondoke baada ya wiki tatu. Huu ni mwezi wa kumi na nne.

Kwanza viza ilikwama. Ikaombwa upya, ikakwama tena kwa karatasi ambayo mara ya kwanza hakuna aliyeitaka. Halafu usalama ukachafuka, timu ikahamishiwa mji mwingine, kiongozi wa timu akarudi kwao, na aliyepokea kiti chake hajui hata jina langu linavyoandikwa. Nikiuliza, jibu ni lile lile: "Endelea kuomba, dada, tutakujulisha."

Sanduku langu lilishafungwa, kilo 23 kamili, tulilipima kwenye mzani wa duka la nafaka. Lipo nyuma ya mlango wa chumba changu. Juni mwaka jana baridi ilipokaza, mama alilifungua usiku akatoa blanketi jipya nililonunuliwa na kina mama wa kanisa, akanifunika nikiwa nimelala. Asubuhi nilipoliona nililia kwa hasira. Nilihisi kama amesema, "Wewe huendi kokote." Siku hizi anajifunika nalo yeye, na kila nikiliona moyo unanichoma.

Sokoni nakwenda jioni giza likianza kuingia. Mtu akiniona: "Hee! Umerudi lini?" Nikisema sijaondoka, ananiangalia kama nimekula pesa za watu. Kanisani nimehamia ibada ya kwanza, nakaa nyuma karibu na mlango. Mwenzangu tuliyesoma naye Kifaransa Dar aliondoka Novemba, na status zake nimezinyamazisha kwa sababu kila picha ni kama kofi.

Yule bibi nilikutana naye mwezi uliopita njiani, mvua inanyesha. Akanishika mkono kwa furaha akauliza, "Watoto wa huko wanaendeleaje?" Alidhani nilishaenda nikarudi. Shangazi, nilimjibu, "Wanaendelea vizuri, bibi, wanakusalimu." Sijui ilinitoka wapi.

Mchungaji ananiambia nishukuru kwa kila jambo. Najaribu. Ila nikisema "Asante Mungu kwa kunichelewesha," nasikia kabisa kwamba namdanganya, na yeye anajua, na mimi najua kwamba anajua. Mzee mmoja wa kanisa anasema mimi ni Yona, kuna dhambi nimeificha ndiyo maana safari haiendi. Nabii mmoja wa mjini Mbeya anasema nimefungwa, nitoe 150,000 ya kufungua milango.

Naomba uniambie: huu mlango Mungu ameufunga au bado? Nitashukuruje bila kusema uongo? Na nikiomba tena kazi, itakuwa ni kukosa imani?

Mwenye Sanduku, Rungwe

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwa bibi wa noti mbili. Umemweka katikati ya barua kwa mistari michache, kisha ukamkimbia kwenda kwa Yona na nabii. Mimi nitaanza naye.

Wewe si mwongo. Mwongo hasumbuki mwezi mzima kwa sentensi moja aliyoisema kwenye mvua. Nadhani ulimjibu vile kwa sababu ulijiona una deni lake. Alitoa elfu mbili, na ndani yako ukaziandika kama nauli: bibi kalipa, bibi anadai salamu, na wewe mzigo hujafikisha. Ukampa salamu za kughushi ili usionekane umekula pesa yake. Tazama sasa na hayo mengine: sokoni unakwenda gizani, kanisani unakaa mlangoni, rafiki yako umemnyamazisha kwenye simu. Hayo yote ni mambo ya mtu anayedaiwa. Na mtu anayedaiwa hawezi kushukuru, mwanangu, hata umwombee mwaka. Anachoweza ni kujificha, na akibanwa, kuahidi.

Kwa hiyo nikisikia shukrani zimekukauka mdomoni, siendi kutafuta imani yako imepotelea wapi. Nauliza ni lini zawadi za watu zilikugeukia zikawa madeni. Bibi yule hakununua tiketi. Alitoa kwa sababu moyo wake ulitoa. Deni umelitunga wewe, na Mungu naye umemwingiza kwenye daftari hilo hilo: alikuita, ukaacha kazi, sasa hajalipa upande wake. Ndiyo maana ukimwambia asante unasikia uongo. Mtu hamshukuru mdaiwa wake.

Nayasema haya kwa ujasiri kwa sababu nimeyapitia.

Septemba 1996 nilifika Kigoma na sanduku la bati la bluu. Nilikuwa na miaka 31, mwalimu wa kisomo cha kina mama, natokea Dodoma, na nilikuwa nivuke Ziwa Tanganyika kwenda Kalemie, upande wa Kongo. Boti ilikuwa iondoke katikati ya Oktoba. Oktoba hiyo hiyo vita ikawaka Kivu ya Kusini, Uvira ikaangukia mikononi mwa waasi kabla mwezi haujaisha, na mimi niliyekuwa nasubiri boti ya kwenda nikaanza kuona boti zinakuja. Mitumbwi, boti za wavuvi, zimejaa watu mpaka maji yanalamba ukingo.

Sitakuficha, nilikasirika. Siku nne nilijifungia kwenye chumba cha wageni cha mchungaji mwenyeji wangu, namwandikia Mungu mashitaka kwenye daftari. Siku ya tano mke wa mchungaji, mama wa Kiha asiye na maneno mengi, akasukuma mlango bila hodi. "Kalamu unayo?" Nikasema ninayo. "Basi njoo uandike majina."

Nikaandika majina. Mmoja wa wale niliowaandika alikuwa mama wa Fizi aliyebeba sufuria, kifuniko kimefungwa kwa kitenge. Alipokifungua nikaona alichokimbia nacho: chumvi, ufunguo wa nyumba, na kitabu cha nyimbo kilicholowa mpaka kurasa zimeshikana. Nikamuuliza kwa Kiswahili changu cha redioni ana watoto wangapi. Akanisikiliza, halafu akacheka. Siku ile, mwanangu, akacheka! "Tafazali, mama, hiyo Kiswahili yako iko ya kitabu." Nilikuwa nimeambiwa Kalemie hakuna shida ya lugha, kwani wanasema Kiswahili kama sisi. Yeye ndiye aliyenionyesha umbali uliopo. Miezi iliyofuata nilimfuata Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka ule ule wilayani Kasulu, na kati ya mahema ya plastiki nikajifunza kwamba ugali ni bugari na kisamvu ni sombe. Nikajifunza pia kwamba mtu akiniambia "aksanti" hajakosea, mimi ndiye mgeni.

Kalemie nilivuka 2004. Nilikaa miaka mitatu tu. Nikihesabu, Wakongo niliwahudumia upande huu wa ziwa miaka mingi zaidi kuliko upande ule nilioagwa kwenda.

Hapa naomba unisikilize vizuri, maana hadithi hii watu huipenda kwa sababu mbaya. Simaanishi Mungu alileta vita ili mimi nipate kazi. Atakayethubutu kusema hivyo akaseme mbele ya yule mama, ambaye mmoja wa watoto wake alibaki ziwani. Wala sikupi ahadi kwamba Sahel itakufuata Tukuyu. Ninachokiri ni kwamba nilipokuwa chumbani nasubiri kuanza utumishi, nilikuwa nimeshawekewa mikono. Utumishi wenyewe ulikuwa umeshaanza, nami nilikuwa nimeufungia mlango kwa ndani.

Yule mama wa Kiha alikuwa na tabia moja iliyoniponya, ingawa mwanzoni iliniudhi. Kila jioni tukila, aliuliza: "Leo nani kakupa nini?" Usiku wa kwanza nikajibu kilokole: "Mungu kanipa uzima." Akasema, "Huyo namjua. Nimeuliza nani." Nikafikiri weee. Nikakumbuka kijana wa bandarini aliyenipisha kivulini. Nikamtaja. "Ehe," akasema, akaendelea kula. Basi. Hakunihubiria. Kesho yake akauliza tena.

Mwezi haukuisha nikawa namshukuru Mungu bila kujilazimisha, na wala sikumshukuru kwa kuchelewa hata mara moja. Nilishukuru kwa kivuli, kwa kalamu, kwa ndakala, yaani dagaa, wa kukaanga alioniletea mama wa Fizi kwenye jani, yeye mkimbizi, mimi mwenye mshahara wa kanisa. Vitu vyenye mtu nyuma yake.

Mchungaji wako hakukosea mstari. 1 Wathesalonike 5:18 inasema shukuruni kwa kila jambo, na katika Kigiriki maana yake ni katika kila jambo, ndani ya kila hali. Najua msomaji mmoja tayari ameshafungua Waefeso 5:20, "kwa mambo yote," anataka kunirushia. Siukimbii mstari huo. Namwomba tu afungue na Zaburi ya 13, ambapo Daudi anamuuliza Mungu "hata lini" mara nne mfululizo kabla hajafika kwenye kuimba. Maswali yale manne yamo kwenye Biblia, hayakufutwa ili wimbo uonekane mzuri. Na wewe uliza "hata lini" zako kwa sauti, halafu ndiyo utaje blanketi.

Ndiyo, blanketi. Ulilala ukiwa na baridi, ukaamka ukiwa na joto, kwa sababu mtu aliamka usiku akakuangalia. Wewe ukasoma hukumu. Mimi nimesoma mama. Nikikuuliza swali la yule mama wa Kiha kwa usiku ule wa Juni, jibu lako ni lipi?

Sasa nizungumze na wewe kama mkunga, maana wewe kusubiri ndiyo kazi yako. Dada yangu mkubwa, marehemu, alikuwa mkunga miaka thelathini, na nimekaa naye zamu za usiku nikimletea uji. Sikuwahi kumwona akisubiri kwa kukunja mikono. Kila nusu saa anasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, kila baada ya saa nne anapima njia imefunguka kiasi gani, na kila anachoona anakichora kwenye patografu, fomu ya kufuatilia uchungu. Ile fomu ya zamani ilikuwa na mistari miwili, wa tahadhari na wa kuchukua hatua. Nasikia siku hizi imebadilishwa, wewe utajua zaidi. Ila dada alinieleza jambo ambalo sijalisahau. Alisema mkunga mbaya yuko wa aina mbili: anayevuta mtoto kabla ya wakati, na anayeona mstari wa pili umevukwa akasema tuendelee kuomba.

Wewe umekaa miezi kumi na minne bila patografu. "Tutakujulisha" si kipimo, ni sauti tu. Wiki hii andika barua pepe kwa shirika lililokuita, nakala kwa mchungaji wako, kwa heshima na bila machozi. Uliza faili lako liko mkononi mwa nani kwa jina. Uliza ni karatasi gani bado, na nani wa kuileta. Uliza ni tarehe gani wataamua kati ya mambo matatu: uende pale pale, uende pengine, au wakuachie. Tarehe hiyo, tuseme mwisho wa Agosti, ichore kama mstari wako wa pili. Ikivukwa bila jibu, kaa na mchungaji na baraza la ushirika mzungumze kupelekwa kwingine. Na usione aibu. Wewe mwenyewe ukimpa mama rufaa huwa humtupi, unampeleka penye msaada.

Krapf, yule mmisionari Mjerumani, hakuja Mombasa kwa sababu ndiyo aliyoiota. Alikuwa Ethiopia, moyo wake uko kwa Waoromo, akazuiwa kurudi Shoa huko huko Ethiopia, akateremkia pwani yetu 1844. Ndani ya miezi michache alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Akabaki anaandika maneno ya Kiswahili moja moja. Kamusi yake ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye mwenyewe kufa. Simtaji ili nikutie moyo, maana sijui kama nina moyo wa kumtazama mtu aliyefiwa hivyo nikamwambia ilikuwa rufaa. Namtaja ili ujue kwamba kupelekwa kwingine si jambo la wavivu.

Na kwa kuwa wewe ni Mmoravian, kuna mtu wa kwenu unatakiwa umjue zaidi kuliko ninavyomjua mimi. Leonhard Dober, kijana mfinyanzi wa Herrnhut, kijiji cha Wamoravian kule Ujerumani. 1731 kiongozi wao Zinzendorf alirudi kutoka Copenhagen, Denmark, na habari za Anton, mtumwa aliyetoka kisiwa cha St. Thomas huko Karibi, aliyeacha dada na kaka kule utumwani wanaotamani kusikia Neno. Dober hakulala usiku ule. Kesho yake akajitoa. Na ushirika ukamsubirisha mwaka mzima, wazee wakimtilia shaka, wengine wakidhani ni moto wa ujana. Mwishowe, Julai 1732, wakapiga kura, akachota karatasi iliyosema kijana aachwe aende kwa kuwa Bwana yu pamoja naye. Agosti 21 akaondoka na David Nitschmann, seremala. Copenhagen wakachekwa, wakahangaika kupata meli, wakashuka St. Thomas Desemba 13.

Wahubiri wengi huishia hapo, au wanaongeza ile hadithi kwamba walijiuza utumwani. Hawakujiuza. Dober alikuwa tayari kuwa mtumwa kama hakuna njia nyingine, kisha watu wakaikuza. Mimi napenda kinachofuata. Nitschmann seremala alipata kazi kwa urahisi, lakini baada ya miezi michache akarudi kama ilivyopangwa. Dober mfinyanzi, aliyetegemea kula kwa vyungu, akakuta udongo wa kisiwa haufai. Umemngoja Mungu mwaka, umevuka bahari, umefika, halafu udongo unakukatalia.

Huko Sahel nako utasubiri. Utasubiri lugha ya pale, maana Kifaransa kitakufikisha kwa mganga mkuu tu, si kwa mama mwenye uchungu. Utasubiri mwaka kabla mama mkwe mmoja hajakuruhusu umshike mkwewe tumbo. Umefikiri Tukuyu ndiyo chumba cha kusubiri na huko ndiko kuna kazi yenyewe. Waulize waliorudi. Na mwenzako wa Novemba mwandikie leo, umuulize siku zake zikoje zile ambazo hazipigwi picha. Huenda anatamani kuulizwa.

Hao wengine nawamaliza haraka. Mzee wenu asome tena Yona mlango wa kwanza: Yona alilipa nauli ya kukimbia, wewe unanyimwa viza ya kwenda. Kama kuna dhambi inayokusumbua, unajua pa kuipeleka, na mzee hayumo katika njia hiyo. Nabii wa Mbeya usimpe hata shilingi. Mtu anayekutajia bei ya mlango ni dalali.

Mlango umefungwa au bado? Hilo siwezi kukujibu, na mwogope yeyote atakayekujibu upesi. Matendo 16 Paulo anazuiwa mara mbili, Asia na Bithinia, na Luka anasema ni Roho aliyewazuia, ila hasemi aliwazuia kwa njia gani wala kwamba walielewa sababu. Anasema walipita wakateremka Troa.

Kazi? Omba, na uombe wiki hii. Zahanati za kanisa na za watu binafsi huchukua wakunga kwa mkataba wa miezi sita, mwaka. Waeleze ukweli kwamba unaweza kuondoka. Wengine watakataa, wengine wana upungufu wa watu kiasi kwamba watakupokea hata kwa miezi mitatu. Mkono wa mkunga uliokaa mwaka bila kumpokea mtoto unasahau, na kule unakokwenda hautapewa muda wa kukumbuka. Angalia leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga isiishe muda ukiwa unalinda sanduku, na pasipoti iwe na miezi zaidi ya sita mbele. Kadi ya homa ya manjano usihangaike nayo, tangu 2016 ni ya maisha. Imani yako haikuwa kwenye ile barua ya kuacha kazi. Ile, nisamehe, ilikuwa na kishindo kidogo cha mbele ya watu. Hata mimi sanduku langu la bluu nililipaka rangi upya kabla ya kuagwa, lionekane.

Pesa za bahasha, kama ziko kwako, zipeleke kwa mhazini wa ushirika zikaandikwe. Kama zimeshatumika kwa karatasi na nauli za Dar, andika kila kitu kwenye ukurasa mmoja umpe. Kisha muombe mchungaji dakika tatu za matangazo, ibada ya pili, ile yenye watu. Simama mbele useme: sijaondoka, sababu ni hizi, tarehe ya uamuzi ni hii, naomba mniombee, na kwa sasa nafanya kazi mahali fulani. Dakika tatu, ukae. Utaona sokoni unakwenda mchana.

Ila kabla ya hiyo Jumapili, nenda kwa bibi. Asisikie kanisani kwamba ulimdanganya. Nenda jioni akiwa ametoka chai, ukiwa na kilo ya sukari, na usisimame mlangoni, ingia ukae. Mwambie, "Bibi, siku ile ya mvua nilikudanganya. Sijafika huko. Watoto wale bado sijawaona." Usieleze viza, usimtaje mtu yeyote, usilie kwanza. Nyamaza umwache aseme yeye. Akikuuliza utakwenda lini, mwambie hujui. Akikuambia "ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, mpokee, usirudishe sukari wala noti. Ukitoka hapo, kabla ya kulala, jiulize lile swali la mama wa Kiha, kisha niandikie bibi alikujibu nini. Nataka kujua.

Na blanketi mwachie mama. Aprili huko Sahel joto linapita nyuzi 40, blanketi zito la Tukuyu litakula kilo zako bure.

Shangazi